Chiriku wa Mkange

Mapinga, mwezi 3 Mfungo Nne, mwaka 1302

Mimi Msabaha bin Mwishehe ndiye mwenye akili kuliko watu wote baina ya Mto Ruvu na Mzizima, na hapo nimejishusha. Kombeo langu humpiga kunguru jicho, tena jicho atakalochagua mwenyewe. Ndege wa pwani hii wakiamka huulizana kwanza, "Msabaha kalala wapi?" Wakipata jibu ndipo waimbe. Chuoni niliishia juzuu ya saba, si kwa ujinga wangu, ni maalimu aliyechoka kabla yangu. Lakini kuandika najua. Mapinga nzima tunaojua ni wawili, na huyo wa pili haoni.

Karatasi hizi kanipa Bi Khairiya, mke wa Bwana Humoud mwenye duka la nguo Bagamoyo. Zilifungia majora, upande wa nyuma ni mweupe. Kanipa kwa sababu mimi ndiye nimpelekeaye chiriku wa kufuga. Chiriku ni ndege mdogo wa mashambani, kifua manjano kama kiini cha yai, mdomo wake hauna kufuli. Namnasa kwa ulimbo. Napaka utomvu wa fenesi kwenye kijiti, nakichomeka katikati ya mtama, napanda dungu langu, jukwaa la kuamia ndege wasile mtama, nangoja. Akitua, ametua.

Mwezi 9

Mvua ya vuli bado.

Mwezi 10

Bado.

Mwezi 14

Dija kanikuta juu ya dungu. Huyu ni binti wa shangazi yangu Mwanabaraka, aliyenilea tangu mama afariki. Mtama umekauka ungali wa magotini, hakuna cha kuamia, lakini nimepanda vilevile. Mtu mkubwa hukaa juu.

"Msabaha, unaamia nini? Upepo?"

"Nauzuia usikuchukue. Umekonda."

Akacheka. Kweli amekonda. Ana mapacha, Kulwa na Doto, hawajatimiza mwaka. Mumewe Pazi alibeba mzigo wa msafara kwenda bara nao wakiwa tumboni, hajarudi. Maziwa ya Dija yanatosha mmoja. Asubuhi humpa Kulwa, jioni humpa Doto, na yule asiye na zamu hulia.

Mwezi 17

Wingu lilikuja toka upande wa Kaole. Tukatoa vyungu nje. Likapita.

Mwezi 20

Leo yamesemwa maneno, nitayaandika yote.

Shangazi kawaita wenye nyumba saba za upande wetu. Akiba ya mtama imebaki ya siku arobaini kwa wanaokula mara moja. Kukaa hapa ni kufa, na kuhama bila kujua uendako ni kufa njiani. Sisi hatuhami kwa ndoto wala kwa ramli, tunahama kwa chiriku. Chiriku lazima anywe maji kila asubuhi, na makinda yake huyalisha mbegu mbichi. Akitulia mahali akajenga, hapo pana maji yasiyokauka na udongo unaozaa. Kwa hiyo njaa ikija hutumwa mtu mmoja kutazama chiriku wamekwenda wapi. Hukaa mahali asubuhi tatu, awaone kwa macho yake mara tatu, kisha arudi na unyoya wa manjano aliouokota hukohuko. Unyoya ndio kiapo. Akishautoa hakuna amwulizaye neno tena.

"Hapa kwetu wa mwisho nilimsikia kabla ya Ramadhani," shangazi alisema. "Nani kamwona mwingine?"

Wote wakanitazama mimi.

"Mnanitazamia nini? Mimi chiriku?"

"Kizimba cha Bi Khairiya kina wangapi, wewe?"

"Mmoja, shangazi. Wengine walikufa."

"Na wewe ulipeleka wangapi?"

Nikahesabu vidole vya mikono, vikaisha. Nikaingia vya miguu, navyo vikaisha. Nikarudi mikononi, kisha miguuni, bado akabaki mmoja.

"Arobaini na mmoja."

Hapakuwa na aliyecheka. Doto alikuwa analia, haikuwa zamu yake.

"Basi aliyewamaliza ndiye atakayewatafuta," shangazi akasema. "Miguu unayo, na kuandika unajua. Utatupa habari iliyonyooka."

Mimi nikasimama. "Shangazi, nitafika Miono! Nitafika Mkange! Nitafika hata walikozaliwa babu zao!"

Dija akasema, "Fika kisimani kwanza bila kupumzika."

Watu wakacheka hapo. Nami nikaapa mbele yao wote kwamba nisipofika Mkange nisiitwe mwanamume. Nimeapa kwa sauti kubwa sana. Nadhani hata walio na masikio mabovu wamesikia.

Bagamoyo, mwezi 25

Nimeanza hesabu.

Mapinga: hakuna.
Kaole: hakuna. Nimeuliza nyumba kwa nyumba. Mwanamke mmoja kanijibu, "Tukimwona tutamla."
Bagamoyo: mmoja, tena mfungwa. Yuko katika kizimba cha Bi Khairiya barazani.

Bi Khairiya kanipa tende na maji. Ni mpole, ila hachoki kufukiza udi. Nyumba yote inanuka udi, mapazia, mikeka, hata paka. Chiriku wake haimbi. "Ana nini huyu, Msabaha?" Nikamwambia anatafakari.

Mjini watu wa bara wamejaa kila ukuta. Wengine wanajiweka rehani kwa wenye chakula, wao na watoto wao. Nimeona baba anamfunza mwanawe namna ya kumwita bwana mpya. Sikutania.

Miono, mwezi 3 Mfungo Tano

Nimevuka Ruvu, nimevuka Wami, mamba wamenitazama wakaona aibu. Miguu imepasuka. Nimefikia kwa Bi Mwatumu, rafiki yake shangazi tangu walipochezwa unyago pamoja. Kanipa mizizi ya porini iliyolowekwa siku tatu kutoa sumu. Kasema, "Ukisikia ulimi mzito, acha kula." Nikamwambia ulimi wangu haujawahi kuwa mzito. Kacheka mpaka akakohoa.

Mwezi 4

Miono: wawili! Dume na jike, juu ya ua. Dume ameimba. Nimekaa chini nikalia, halafu nikajifanya nimeingiwa na vumbi.

Mwezi 5

Wawili. Wamekunywa katika tope la kisima.

Mwezi 6

Hakuna. Kisima kimekauka hata tope.

Bi Mwatumu anasema waliruka upande wa Mkange. Anasema pia nisiende peke yangu, njia ile inapita msituni, na siku hizi watu wanaokotwa humo kama kuni na kuuzwa. Nikamwambia atakayeniokota mimi atajuta, nina kelele nyingi. Kesho alfajiri naondoka.

Mkange, mwezi 8

Chiriku tele.

Mwezi 9

Tele.

Mwezi 10

Tele. Narudi.

Bagamoyo, mwezi 15

Nimepumzika kwa Bi Khairiya. Nimemsafishia kizimba bila kuombwa. Kashangaa, kasema njaa imenitia adabu.

Mapinga, mwezi 17

Walinipokea mwisho wa mashamba. Dija alitangulia, akanitia Kulwa mikononi kama mtu anayepokewa harusini. Shangazi hakuniuliza neno. Alinyoosha kiganja, nami nikaweka unyoya. Manjano kabisa. Akaukunja katika pindo la kanga yake, akafunga fundo, akasema, "Alhamdulillahi." Watu wote wakaitikia.

Nikawasomea hesabu yangu. Nilipofika Mkange, Dija akasema, "Wewe! Ukiumwa na siafu mmoja twasikia habari zake siku mbili. Mkange yote umeitia katika neno moja?"

"Furaha ilinikaba."

"Basi leo nimeiona miujiza. Msabaha kakabwa."

Wanaondoka baada ya siku tatu, nyumba zote saba.

Mwezi 18

Shangazi kaamua mimi nibaki. Mtu mmoja lazima alinde gudulia la mbegu, lililofukiwa chini ya jiko. Ni mtama mwekundu wa bibi yake. Masika yakija nipande, wao watarudi kuvuna. "Wewe umeshatembea vya kutosha," kasema. "Imenipa moyo habari yako, mwanangu."

Mwanangu. Huwa ananiita "wewe".

Nikasema, "Shangazi, njia ni ndefu, mapacha wadogo."

"Mwisho wake si kuna chiriku?"

Nikasema ndiyo.

Mwezi 20

Wameondoka asubuhi. Watu thelathini na wanne. Dija alimfunga Doto mgongoni, shangazi kambeba Kulwa. Dija akageuka akasema, "Nimewaahidi hawa chiriku wa mjomba wao. Wasipoimba nitakuja kukunyonyoa wewe."

Nilisindikiza mpaka mwisho wa mashamba. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Kwaherini."

Mwezi 23

Kesho nitawafuata.

Mwezi 24

Kesho.

Mwezi 27

Jua. Nimekula jani la muhogo. Gudulia liko chini ya jiko, nalisikia likiniita kwa jina. Nimekaa juu yake.

Kwa mwendo wa mapacha watakuwa wamevuka Ruvu. Kesho nikiamka mapema nawapata Wami.

Mwezi 28

Nimeamka mapema. Nimekaa.

Mwezi 5 Mfungo Sita

Nimefikiri hivi. Chiriku wale wawili wa Miono lazima walikwenda mahali. Bi Mwatumu aliwaona kwa macho yake wakielekea Mkange. Ndege hana wazimu, hawezi kuacha tope akafuata ukavu. Basi Mkange pana maji. Ni hesabu tu. Nimeirudia mara nyingi leo na kila mara inatoka sawa.

Mwezi 12 Mfungo Sita

Leo Maulidi. Mwaka jana tulikula pilau kwa mwinyi wa mji mpaka nikafungua mshipi. Leo nimesoma peke yangu nilichokumbuka, nikanywa maji.

Mwezi 19

Nimepanda dungu kutazama njia. Hakuna mtu. Hakuna ndege hata mmoja, hata wale nisiowapenda. Sikujua shamba linaweza kunyamaza namna hii. Zamani nilikuwa nikiwatupia mawe wanipishe nilale.

Mwezi 26

Hakuna mtu njiani.

Bagamoyo, mwezi 3 Mfungo Saba

Nimekuja kutafuta habari. Bi Khairiya kanikuta mlangoni akadhani ni mwombaji, nikatia ubishi ndipo akanitambua. Uji kanipa mwenyewe kwa mkono wake. Kizimba ni kitupu. "Alikufa baada ya wewe kuondoka," kasema. "Alikuwa ananyonyoka."

Bagamoyo: hakuna.

Sokoni nikamwona Sharifu, muuza chumvi wa Saadani, anayezunguka vijiji vyote vya kaskazini. Nikajikaza, nikauliza kama mtu apitaye tu.

"Mzee Sharifu, shikamoo. Mkange mwaka huu wanasemaje?"

"Marahaba. Nani anasema? Mkange imebaki mifupa. Visima vimekauka tangu mwaka jana, kijana. Kule hata nzi wamehama."

"Na ndege?"

"Ndege?" Akanitazama. "Wewe umeshiba nini?"

Nikamwambia mwongo. Nilimwambia mbele ya watu, mwongo, mzee mzima mwongo, chumvi yako mchanga. Alitaka kunipiga na vibaba vyake. Wakamzuia wakasema, mwache, ni njaa.

Mwezi 4

Nimetoka kwenda kuwafuata. Leo hii, si kesho. Nilifika kivukoni Ruvu jua likiwa utosini, miguu ikajaa maji kama viriba, nikaanguka. Wenye mtumbwi wakanilaza kivulini. Nilisema na kusema, sijui nilisema nini. Mmoja kaniuliza, "Mkange una nani?" Nikajibu, "Watu thelathini na wanne."  Kisha wakanirudisha mjini katika machela ya mapapi, fito za kuanikia samaki.

Mapinga, mwezi 15

Nimerudi kwenye gudulia. Bi Khairiya kanipa pishi mbili za mchele na kaniambia nirudi ukiisha. Napika punje za kuhesabu.

Mwezi 20

Mbegu sijagusa.

Mwezi 29

Sijagusa.

Mwezi 11 Mfungo Nane

Leo nililifukua gudulia. Nilitia mkono ndani. Mbegu ni nyekundu, baridi, zinateleza katikati ya vidole. Nikamkumbuka shangazi alivyosema mwanangu. Nikalifukia. Nikalichimba. Nikalifukia tena na kupanga mawe juu yake, mawe makubwa kuliko nguvu nilizonazo sasa. Sijui niliyabebaje.

Mwezi 22

Joto. Radi mbali.

Mwezi 3 Mfungo Tisa

Mvua! Mvua ya masika, yote kwa pamoja, kama iliyokuwa imefungiwa. Nimetoka nje nikasimama mdomo wazi. Halafu nikafikiri, wangengoja tu. Wangekaa hapa wakala majani na kufa wachache na kungoja tu.

Nimepanda mistari minane. Nimepumzika baada ya kila mstari, lakini yote imenyooka.

Mwezi 9

Dija amekuja.

Nilikuwa shambani. Nikaona mtu anakuja njiani polepole, kitu mgongoni, nikajua kwa mwendo. Nikakimbia, kisha nikasimama. Nilitaka kwanza kuhesabu. Mgongoni mmoja. Kifuani hakuna.

"Shikamoo, mjomba," kasema kwa niaba ya mtoto, kama alivyozoea kunitania. Sauti ilikuwa imepasuka.

"Marahaba," nikajibu, nikamtazama mtoto. Nikashindwa kuuliza ni yupi.

"Kulwa," kasema Dija. "Usijisumbue."

Nikampikia uji wa mchele uliosalia. Alimlisha mtoto kwa kidole, naye mwenyewe akalamba chungu. Akaeleza bila kulia. Walifika Mkange, hapakuwa na kitu. Watu watatu walishazikwa njiani. Walichimba kisima mpaka kikapita urefu wa watu wawili, wakapata udongo wenye maji ya kulamba tu. Doto alikufa siku ya tisa ya kukaa pale. Ilikuwa asubuhi, zamu ya Kulwa.

Wengine wametawanyika. Nyumba mbili zimekwenda kujiweka rehani Saadani. Wanaoweza kutembea wanarudi nyuma yake, wachache. Shangazi miguu imegoma, wamemwacha Miono kwa Bi Mwatumu. Anakula kidogo. Yu hai.

"Watu walitaka kukulaani, Msabaha," Dija akasema. "Tulipofika pale, wakaanza kulitaja jina lako. Mama akasimama akawaambia, nyamazeni. Chiriku walikuwapo, kijana wangu aliwaona. Sisi ndio tumechelewa, ndege wamehama juzi. Akaonyesha viota vya zamani juu ya mti, sijui vya ndege gani. Basi wakanyamaza. Nami nikakuombea dua, ujue. Nikasema, maskini, angekuwapo angeumia."

Akafungua pindo la kanga yake.

"Kaniambia nikupe hiki. Kasema, mpe mkononi, usimwambie neno, atajua mwenyewe."

Ni fundo lile la shangazi, amelichana pamoja na kipande cha kanga. Halijafunguliwa na Dija. Nikalifungua. Unyoya wa manjano, umekunjamana. Na miezi yote ile, jasho lote lile, vumbi lote lile, fundo lilikuwa limefungwa vizuri. Ukanipanda puani palepale. Udi.

Hakuna chiriku wa porini anayenuka udi. Shangazi ameishi na ndege mashambani miaka hamsini. Sijui aliunusa lini. Labda ni pale Mkange, alipoutoa awaonyeshe watu na pua yake ikafika kabla ya mkono. Akaurudisha katika fundo, akasimama, akasema, "Kijana wangu aliwaona."

"Una nini?" Dija kaniuliza.

"Vumbi," nikasema.

Nje mvua ilikuwa inanyesha.

Mwezi 10

Dija amelala, Kulwa amelala. Mtama umechipua mistari minane. Nimemwekea Dija maji na kuni, nimemwambia nakwenda Miono kumchukua shangazi mgongoni kwangu. Kasema, "Wewe? Ufike kisimani kwanza." Akatabasamu kidogo. Hajui. Nikirudi na shangazi nitamwambia mbele yake. Najifahamu, nikiwa njiani nitajitungia maneno mazuri, na nikifika yatakuwa yamebadilika. Kwa hiyo naandika hapa kwanza, kwa wino, hesabu iliyonyooka, na karatasi nakwenda nayo.

Mapinga: hakuna.
Kaole: hakuna.
Bagamoyo: hakuna. Alikuwapo mmoja, katika wale arobaini na mmoja wangu. Unyoya niliuokota chini ya kizimba chake nilipokuwa nasafisha.
Miono: wawili, asubuhi mbili.

Msituni baada ya Miono, mwendo wa nusu siku, nilikuta chungu kimepinduliwa katikati ya njia. Uji ulikuwa bado wa moto. Hapakuwa na mtu. Niliita mara moja, sauti ndogo, mimi mwenye kelele nyingi. Kisha nikageuka. Siku tatu nilijificha vichakani kando ya njia ya kurudi, nikaandika tele, tele, tele.

Mkange: sikufika.